Kipande cha Kuanzia

Baba yetu aliupiga picha mji mzima, lakini hakumpiga mtoto wake wa mwisho. Hivyo ndivyo mdogo wetu alivyoisimulia habari hiyo maisha yake yote, na ukutani sebuleni hapakuwa na ushahidi wa kumbishia. Kaka yupo, na joho la kuhitimu. Mimi nipo, na koti jeupe la duka la dawa, siku ya kwanza kazini, nimesimama kama niliyemeza rula. Mama yupo mara nyingi. Mdogo wetu yupo kwenye picha moja ya darasa, safu ya nyuma, na hiyo ilipigwa na mtu mwingine.

Tulimwita Meneja, jina alilopewa na wateja wa studio ya Baba. Kila akitoka shule alikaa kwenye stuli karibu na kaunta, akifanya hesabu zake na kuwakodolea macho wanaoingia. Baba akiweka filamu mpya alimwelekezea kamera, akabonyeza mara mbili tatu, kisha akamwita mteja. Mtoto akiuliza picha yake iko wapi, aliambiwa, "Hiyo ni ya kuanzia tu, mama. Imeungua." Ni kweli. Mwanzo wa filamu huingiwa na mwanga na kuungua wakati wa kuiweka, kwa hiyo wapiga picha huisogeza kwanza kabla ya kuanza kazi.

"Mganga hajigangi," Mama alikuwa akimtetea mumewe. Meneja alimjibu kwamba mganga huyu mbona aliwaganga wengine wote nyumbani.

Baba alipofariki, tulikuta kamera yake kabatini ina filamu ndani, imepigwa mpaka mwisho. Kaka ni mtu wa chapuchapu. Alitaka kuifungua achungulie. Mama alimpiga kofi la mkono, yeye na mvi zake zote.

"Ukifungua umemzika mara ya pili," alisema.

Meneja alikuwa amekuja mazishini kutoka mji anakofanya kazi. Kuhusu filamu ile alisema jambo moja tu. "Alikuwa ameshastaafu. Hakuwa na wateja wa kumsubiri. Kama simo humu, basi simo popote."

Mjini kwetu hakuna tena anayesafisha filamu. Chumba cha giza cha Baba siku hizi kinauza vifuniko vya simu. Ikabidi itafutwe maabara ya kuipelekea kwa posta, na kazi hiyo nikapewa mimi, kwa sababu katika familia hii mimi ndiye ninayesoma maandishi madogo. Ndiyo kazi yangu. Watu hula dawa na kuitupa ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, halafu wanarudi kwangu kulalamika kizunguzungu.

Nilipata maabara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bei rahisi na ya haraka, na Kaka aliipenda kabla sijamaliza kumweleza. Chini kabisa ya ukurasa wao wa mtandaoni, kwa herufi za kuumiza macho, walikuwa wameandika kwamba wakishaskani picha, negativu, yaani filamu yenyewe iliyosafishwa, hazirudishwi.

"Negativu za nini?" Kaka aliuliza. "Utazianika?"

"Baba alikuwa akisema picha ni nakala, negativu ndiyo mali."

"Baba alisema mengi. Alisema pia simu za kupiga picha hazitafika mbali."

Ya pili ilikuwa na kijana mwenye sauti tamu kwenye simu. Nilizitazama picha zao za mfano. Watu wote walikuwa na rangi moja, kama mikate ya tanuri moja, na mikunjo yao imepigwa pasi. "Mashine inarekebisha yenyewe, dada," aliniambia kwa fahari. Nilimwuliza kama inaweza kuombwa isirekebishe. Akasema hajawahi kuulizwa swali hilo. Nikamfikiria Mama bila mikunjo yake, nikamuaga kwa heshima.

Ukurasa wa maabara ya tatu ulikuwa mkavu kama tangazo la msiba. Nilipopiga simu alipokea mwanamke mwenye kikohozi, na badala ya kuniuzia kitu akaanza kunihoji. Ya rangi au nyeusi na nyeupe? Imekaa kwenye kamera muda gani? Hilo kabati lina joto? Nilijibu nilichokijua, kisha nikamtajia dawa ya kikohozi, maana na mimi nina kazi yangu.

"Sisi tunachelewa," alinionya. "Lakini kila kilichokuja kinarudi, hata kilichoungua. Hatuchagui. Watu ni wako, wewe ndiye unayewajua."

Nilipowasimulia nyumbani, Kaka alicheka. "Wanachelewa, bei yao iko juu, na simu yao inakohoa. Hongera, dada yangu, umetuchagulia."

"Wapelekee hao," Meneja alisema, na kwa kuwa huwa haombi kitu, hakuna aliyetia neno tena.

Filamu niliitia kwenye chupa ya vidonge, nikaizungushia pamba. Mkono una mazoea yake. Kidogo niandike kwenye lebo kwamba ni kutwa mara tatu.

Picha zilitangulia kufika kwenye simu yangu, na Meneja alikuwa amekuja kumtazama Mama. Kaka naye alikuja mbio, na kama kawaida akajigonga ugoko kwenye stuli. Ni stuli ileile ya studio. Baba alipofunga biashara aliileta nyumbani na kuiweka ukumbini, mahali hasa ambapo kila mtu hupita, na hakutaka kusikia habari ya kuihamisha.

Tulizitazama tumebanana kwenye kochi. Mama anashona kifungo. Kaka amelala mdomo wazi. Watoto wa Kaka kwenye ngazi. Mimi nagombana na mtu kwenye simu, nadhani msambazaji wa dawa. Mama tena. Paka wa jirani, ambaye hata hatukumpenda. Meneja hakuwemo. Alizipitia zote mara ya pili, polepole, kisha akanirudishia simu.

"Haya," alisema, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mama alimfuata, akarudi peke yake. Nilijisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimemtafutia maabara ya kumwonyesha vizuri kabisa kwamba hayumo.

Bahasha ya negativu ilifika kabla hajaondoka. Zilikuwa zimekatwa na kupangwa kwenye mifuko yake, na kando, peke yake, kulikuwa na kipande kifupi kisicho na namba. Ni mwanzo wa filamu, ambao hawakuuskani kwa sababu nusu yake ilikuwa imeungua. Nilikiinua dirishani, nikakipiga picha kwa simu na kugeuza rangi, kilichokuwa cheusi kikawa cheupe.

Ilikuwa ni stuli. Tupu.

"Mzee alikuwa anasogeza filamu tu," Kaka alisema.

Lakini kusogeza filamu hakuhitaji kulenga. Unaweza kupiga sakafu, unaweza kupiga kiatu chako. Stuli hii ilikuwa imetulia barabara, mpaka mishono ya kitambaa chake inahesabika. Na haikuwa ukumbini. Baba, mtu mzima mwenye mgongo mbovu, alikuwa ameibeba mpaka dirishani penye mwanga. Nilimpa Meneja simu.

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Kisha akaingia chumbani na kutoka na boksi moja la negativu za studio, kati ya yale mengi yaliyokuwa juu ya kabati na ambayo hakuna aliyewahi kuyafungua, kwa sababu ni nyuso za wateja. Hakutazama wateja. Alivuta filamu moja moja na kuangalia mwanzo wake tu, akiuinua dirishani.

Alikuwemo. Tukayashusha na maboksi mengine. Ameungua bega, ameungua hadi sikio, mara nyingine amebaki jicho na msuko mmoja, lakini alikuwemo, hana meno ya mbele, ana meno, ana sare, ana hasira, kwenye kila filamu. Boksi la mwaka alipohama lilianza naye na kuishia na stuli tupu.

"Nilimwambia tukitoe hicho kiti, kinatuvunja miguu," Mama alisema. "Akaniuliza, 'Nikikitoa, filamu nitaianzia wapi?' Mimi nikadhani ni ubishi wake."

Meneja alilia kwa sauti, bila kujificha, negativu mkononi. Mama alimshika mgongo. Mimi nilipanga mifuko ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Kaka alisimama, akaenda ukumbini, akarudi ameibeba ile stuli. Aliiweka dirishani, akaisogeza kidogo, akaitazama, akaisogeza tena.

"Kaa hapa," alimwambia. "Kuna mwanga."