Chanjo ya Anifa

Siwema alikuwa dada yake Mwamvita, na saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imemmaliza mpaka hawezi kujigeuza kitandani. Mwamvita alikuwa akitoka kwake Mlandizi kwenda Visiga kumwogesha na kumbadilisha kanga. Majirani waliambiwa ni vidonda vya tumbo. Siwema mwenyewe alitaka iwe hivyo. Siku aliyopewa majibu Dar alimwapisha mdogo wake asimwambie mtu, maana watu wakisikia ugonjwa umeanzia huko chini, wataanza kumhesabia wanaume. Naye maisha yake yote alimjua marehemu mumewe tu.

Kwa hiyo shule ilipotangaza kwamba wahudumu wa afya watakuja kuwachanja wasichana, chanjo ya kuzuia saratani hiyohiyo, Mwamvita aliona Mungu amemkumbuka. Binti yake Anifa alikuwa na miaka kumi na minne, na mwezi uliofuata angetimiza kumi na mitano. Chanjo ilikuwa mwisho miaka kumi na minne.

Mumewe, Hussen, alikuwa mkulima mpole, si mtu wa kupiga kelele. Lakini kijiweni alikokunywa kahawa walikuwa wameshalijadili jambo hilo. Walijiuliza kwa nini wachanjwe wasichana peke yao, na kwa nini bure, wakati panadol tu zahanati mtu anaambiwa akanunue. Asubuhi moja Mwamvita alirudi kutoka kisimani, Anifa hayupo. Hussen alimwambia amemtuma Mzenga, upande wa Kisarawe, akamsalimie bibi yake. Angerudi wahudumu wakishaondoka.

Mwamvita alichukua bodaboda akamfuata.

Mama mkwe wake, Bi Hidaya, alimpokea vizuri. Aliitikia shikamoo yake, akamtandikia mkeka, akamwambia Anifa amletee mama yake maji. Uani alikaa wifi yake, Tabu, akimenya mihogo. Mwamvita alieleza yote aliyoelezwa na nesi, kwamba ni sindano moja tu, na haigusi kizazi. Bi Hidaya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, na mimi niliambiwa hivyohivyo," alisema. "Huyu Tabu nilimpeleka kwa mkono wangu. Wakasema sindano ya kupumzika kuzaa, akiacha tu atazaa. Kaachika mara mbili kwa kukosa mtoto. Nani alikuja hapa kuniambia pole?"

Mwamvita alisema ile ilikuwa sindano nyingine. Bi Hidaya akajibu kwamba sindano zote hutoka mlango mmoja, na kwamba bila neno la Hussen mtoto hatoki. Tabu hakuinua uso, aliendelea kumenya. Mwamvita alimtazama, akaaga.

Alirudi Mlandizi peke yake. Jioni ile, wahudumu wakitarajiwa shuleni kesho yake, alivunja kiapo. Alimwambia Hussen kinachomuua Siwema hasa ni nini. Alilia, akamshika magoti, akamwambia hataki kuja kumwogesha mwanawe kama anavyomwogesha dada yake.

Hussen alimwinua, akamketisha.

"Kumbe ndiyo ugonjwa wenyewe," alisema. "Sasa nikamchanje mwanangu maradhi ya uhuni, watu waseme nimemruhusu?"

"Dada yangu si mhuni."

"Sijasema hivyo, mama Anifa." Lakini alikuwa ameshasema.

Wahudumu walikuja, wakachanja, wakaondoka. Siri ya Siwema nayo iliondoka, kwa sababu Hussen alimweleza kaka yake, na kaka yake ana mke mwenye ndugu Visiga. Mwamvita alipokwenda tena kwa dada yake, jirani aliyekuwa akileta uji alikuwa ameacha kuja. Siwema alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Ulimwambia nani?" aliuliza.

Mwamvita alijibu kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya Anifa.

"Kachanjwa?"

"Hapana."

Siwema aliacha aogeshwe, akafumba macho, na tangu siku hiyo mpaka alipozikwa hakumwuliza mdogo wake habari yoyote.

Anifa alirudishwa mwezi uliofuata. Baada ya arobaini ya Siwema, Hussen, ambaye pale msibani hakuweza kumtazama mkewe usoni, alisema kwa sauti ndogo kwamba kama bado ipo, ampeleke. Mwamvita hakungoja hata chai. Zahanati alimkuta nesi Redempta, akampa kadi ya kliniki ya mtoto. Nesi aliisoma tarehe ya kuzaliwa, akairudia, akamrudishia.

"Amepita umri, mama. Ningekuwa na namna ningekusaidia."

Mwamvita aliuliza kama kuna mahali pengine. Redempta alisema labda hospitali binafsi huko Dar, ila hana hakika, na huwa ni gharama. Nyuma yao akina mama wengine walikuwa wanangoja kupima watoto uzito, wakawapisha.

Njiani Anifa aliuliza kama na yeye atakuja kuumwa kama mama mkubwa.

Mwamvita alimwambia hajui. Alimshika mkono kuvuka barabara, ingawa mtoto alikuwa ameshakua mrefu kumpita.