Mnyweshe Kwanza Yeye

Mimi Ismaili, fundi pikipiki wa Likombe, simpendi mteja anayeanza kwa kunifundisha kazi. Sista Faraja, nesi wa chanjo, alianza hivyo hivyo. Aliisukuma pikipiki hadi mlangoni pa banda langu, akaisimamisha, akasema, "Fundi, rejeta haivuji. Usinitafutie tundu. Maji yanaisha tu."

"Maji hayaishi tu, Sista," nikamwambia. "Maji si mshahara."

Hakucheka. Alikuwa mtu wa Njombe, mpole, wa maneno machache. Akanieleza kwamba pikipiki ilikuwa imelala stoo miaka mitatu kabla ya yeye kukabidhiwa. Kwa miezi minne aliyoiendesha ilikuwa imechemsha mara tatu, na mara zote mahali pale pale, kwenye mikorosho, kilomita chache kabla ya kuteremka Kilambo. Asubuhi anajaza rejeta kwa mkono wake mwenyewe. Akifika pale taa ya joto inawaka, akifungua anakuta pakavu. Mara ya mwisho alikaa juani muda wa saa nne, kisanduku cha chanjo mapajani.

"Ijumaa nakwenda tena," akasema. "Nyumbani nina mtoto wa mwaka mmoja. Nataka uniambie ukweli, hii pikipiki ni salama au si salama?"

Niliinama kuitazama pikipiki, kwa kuwa nilikuwa nimeitambua. Walikuwa wameipaka rangi ya bluu, lakini fundi hasahau kazi yake. Mwaka ule wa 2004 pikipiki za rejeta hapa Mtwara zilikuwa za kuhesabu. Nyingine zote zilipozwa na upepo tu. Hii niliitengeneza mimi mwaka 2001, ilipokuwa nyekundu, ikiendeshwa na bwana chanjo aliyemtangulia Faraja, jina lake Athumani. Rejeta ilikuwa inavuja. Sikuwa na risasi ya kulehemu, naye alikuwa na haraka, basi nikafanya tunavyofanya huku kwetu mambo yakibana: nikamimina ndani uji mwepesi wa muhogo. Uji ukipata moto unaganda na kuziba tundu. Ni dawa ya siku mbili. Nilimwambia itamfikisha Kilambo na kumrudisha, kisha nikamtupia utani niliokuwa nawatupia wateja wote wa rejeta: "Ikishikwa na kiu, mnyweshe kwanza yeye, wewe baadaye."

Hakurudi. Nilisikia amefia njiani kwa homa. Nilisikitika, na moyoni nikashukuru kwamba ni homa. Sikuuliza zaidi.

"Niachie hadi kesho," nikamwambia Sista.

Alipoondoka nikaifungua. Uji wangu ulikuwa bado mle ndani, mgumu kama ukoko, umeziba zaidi ya nusu ya vijia vya maji. Niliukwangua wote, nikaufukia nyuma ya banda kama paka, mtu mzima mimi. Safari hii risasi nilikuwa nayo, nikalehemu tundu vizuri. Nikabadilisha mipira miwili ya kupitishia maji, nikakagua pampu ya maji, nikatazama oili nione kama ina weupe wa maji. Haikuwa nao. Nikaiacha ikinguruma saa nzima, na maji hayakupungua hata tone. Kosa lilikuwa langu na nimelifuta, nikajiambia, na hakuna aliyeona.

Sista alipokuja nikasema, "Ni salama."

"Basi Ijumaa twende wote," akasema.

Ningekataaje? Ijumaa asubuhi nikajaza rejeta mbele ya macho yake, nikapanda nyuma nimekumbatia kisanduku cha chanjo. Safari ilikuwa nzuri hadi kwenye mikorosho. Hapo taa ya joto ikawaka.

Faraja akazima injini. Niliikaribia rejeta kwa tahadhari, maana rejeta iliyochemka humbabua mtu uso. Sikuhisi joto. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, kisha kwa kiganja kizima. Ilikuwa ya baridi, baridi ya mtungi uliokaa kivulini. Nikafungua kifuniko, nikapitisha kidole ndani, kikatoka na vumbi. Nyuma yetu mchanga wa barabara ulikuwa mkavu, hauna alama hata ya tone moja. Siogopi kusema kwamba niliogopa.

Bibi mmoja akatokea mikoroshoni na ndoo kichwani. Ni Bibi Mwanahawa, mwenye shamba lile, ambaye kila mara ndiye aliyekuwa akimpa Faraja maji.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba, wanangu." Akaitua ndoo. "Amekunywa tena?"

"Nani?" Faraja akauliza.

Bibi akatuelekeza kwa kidevu. Hatua kumi kutoka barabarani palikuwa na kaburi. Kiangazi kilikuwa kimeipasua ardhi yote, lakini udongo wa kaburi lile ulikuwa umelowa toka kichwani hadi miguuni, kama tunavyolimwagia kaburi maji siku ya kuzika. Nikasogea. Maji yale yalinuka mpira mpya, mpira nilioufunga juzi kwa mikono yangu.

"Siku aliyokufa huyu nilikwenda kisimani, na kisima chetu mbali," bibi akasema. "Kurudi namkuta ntu kaegemea gurudumu, homa inanchoma, midomo imempasuka. Chupa yake tupu. Nikamuuliza, mwanangu, maji yako yako wapi? Akasema kainywesha pikipiki, ina dawa za watoto. Kasema fundi kamwambia, mnyweshe kwanza yeye, wewe baadaye. Nikamtilia kata ya maji mdomoni. Hayakupita, tukamzika hapa hapa." Akaligeukia kaburi. "Huyo fundi wala simjui."

Hakunijua, kweli. Ule uji nilikuwa nimeufukia, na Athumani hasemi. Ningeweza kunyamaza nikarudi kwangu na jina langu zuri.

"Fundi," Faraja akasema polepole, "nakuuliza tena. Ni salama au si salama?"

"Si salama," nikasema. "Fundi huyo ni mimi."

Nikawaeleza yote, hadi ule uji niliofukia. Faraja aligeuza uso. Bibi Mwanahawa hakunilaani. Alichota maji kwa kata akanipa. Jua lilikuwa kali na koo langu limekauka, lakini sikunywa. Nililimwagia kaburi, toka kichwani hadi miguuni, nikamwita Athumani kwa jina na kumwomba radhi. Udongo ule uliokwisha kulowa uliyafyonza mara moja.

Bibi akatujazia rejeta. Tulifika Kilambo, watoto wakachanjwa, tukarudi, na maji yalikuwa vile vile. Hayajapungua tena hadi leo. Nasikia kwa watu, maana Sista sasa anaipeleka kwa fundi mwingine, wala simlaumu.

Bandani kwangu nina mtungi wa maji ya kunywa. Tangu Ijumaa ile, kila asubuhi naujaza pomoni, naufunika, naanza kazi. Kabla ya adhuhuri, bila mtu kuugusa, maji yanashuka kiasi cha kata moja. Siulizi yanakwenda wapi. Hata nikiwa na kiu ya namna gani, nangoja yashuke kwanza, ndipo na mimi nichote.