Sauti ya Kwanza Makaburini

Mathias alikuwa na kipaji. Hilo tuliseme mapema ili lisitusumbue mbele. Sisi wengine katika kundi la tarumbeta la Moravian hapa Usoke, mimi na besi yangu nikiwemo, noti zetu tulizipata kwa jasho, kama mtu anayesukuma pikipiki iliyoishiwa mafuta. Yeye zilimjia zenyewe. Alikuwa anatoa tarumbeta lake kwenye mfuko wa salfeti, anapangusa vumbi kwa shati, anapiga, na watu waliokuwa wakipita barabarani wanasimama.

Kwa hiyo hakufanya mazoezi. Afanye ya nini?

Tena hakuwa mvivu. Mvivu hukaa, na Mathias hakuwahi kukaa. Alikuwa mtu wa kuanza. Alianza kufyatua matofali ya nyumba mpya, akayaacha kabla ya kuyachoma, mvua ikayarudisha kuwa udongo. Akaanza kufuga kuku wa mayai. Akaanza kujenga choo cha kisasa, shimo likabaki shimo na majani yakaota pembeni. Ukienda kwake asubuhi utaambiwa kaenda Urambo kutafuta kipuri, ukimpigia simu anasema yuko njiani kurudi, mara umwone anatokea upande wa stesheni. Akikaa kwenye kiti, goti lake linacheza. Hata kanisani goti lilicheza.

Kazi moja tu aliishika mpaka mwisho, nayo ni kukausha tumbaku. Kwenye moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, alikuwa mtu mwingine. Alilala nje ya mlango wa bani, anainuka, anagusa ukuta, anachungulia majani, anatoa kuni moja, anarudi kulala. Tumbaku yake ilitoka ya rangi ya ndizi mbivu, na wanunuzi waliijua kabla hawajaambiwa ni ya nani.

Sasa, usharika wetu Pasaka tunaamkia makaburini. Watu wanafika gizani, kila mmoja anakaa karibu na ndugu zake waliolala pale, na hakuna anayesema neno. Halafu tarumbeta moja, sauti ya kwanza, linapiga peke yake ubeti mzima wa wimbo wa ufufuo. Sisi wengine tunaitikia baadaye. Karibu na mwisho wa ubeti huo kuna noti ya juu ambayo lazima ishikwe, isitetemeke. Ikikatika kila mtu anasikia, na wapo waliokuja kwenye makaburi mapya.

Mwaka huu kaburi jipya lilikuwa la mama yake Mathias. Tulimzika Agosti. Kabla hajafa, alimwita mwanawe mbele yetu tuliokwenda kumwimbia, akasema, "Pasaka utanipigia wewe. Usimwachie mtu."

"Nitapiga, mama," alisema Mathias. Na alimaanisha. Mtu yeyote aliyemwona siku ile angesema alimaanisha.

Ila Agosti ni mbali na Pasaka. Alisema ataanza mazoezi akishaandaa vitalu. Vitalu vikaja, akasema akishapanda. Akapanda, akasema akishavuna jani la kwanza. Tarumbeta likakaa kwenye mfuko wa salfeti juu ya kabati, na mfuko ukapata vumbi lake.

Kiongozi wetu ni Magreth. Kazi yake ya mjini ni kuchambua tumbaku ghalani, kutenga daraja na daraja, na jicho lile lile analileta kwenye mazoezi. Jumamosi ya kuamkia Matawi, Mathias alifika tumeshapiga nyimbo tatu.

"Karibu, mgeni," alisema Magreth. "Shika ubeti wa Pasaka."

Mathias akapiga. Mwanzo ulikuwa wake, ule ule wa siku zote, mpaka nikasema moyoni huyu mtu Mungu kampendelea. Alipopanda kwenye noti ya juu, sauti ikawa nyembamba, ikatoka kama upepo chini ya mlango, ikakatika.

"Baridi tu," alisema. "Tarumbeta halijapata moto."

"Nje kuna jua la kukausha mihogo, wewe unasema baridi," alisema Magreth. "Lini mara ya mwisho umepiga?"

"Si Krismasi?"

"Krismasi."

"Nilipiga vizuri."

"Ulipiga vizuri. Tangu Krismasi mdomo wako umefanya kazi gani? Kula ugali."

Tukacheka. Mathias naye akacheka, goti likicheza. Pembeni Recheli hakucheka. Huyu Recheli ni mtoto wa dada yake Mathias, ana kibanda cha miamala ya simu karibu na stesheni, na anapiga sauti ya pili. Kipaji chake ni cha kawaida, naye anajua. Asubuhi kabla wateja hawajaja anasokota kanga, anaipachika kwenye tarumbeta lake ili lisipige kelele, anavuta noti moja ndefu, anapumzika, anavuta nyingine. Watu wa stesheni walimzoea. Walimwita Honi ya Treni.

"Nipe wiki moja," Mathias alimwambia Magreth.

"Wiki unayo. Sina ya kukuongezea."

Jumatatu akaanza. Na alivyo yeye, akaanza kwa fujo. Alilibeba tarumbeta mpaka kwenye bani, akapiga toka asubuhi. Anatia kuni, anapiga. Anakula mhogo amesimama, anapiga. Ubeti wote, kisha noti ya juu peke yake, noti ya juu, noti ya juu. Jirani mmoja alimtuma mtoto kuuliza kama kuna msiba. Jioni noti ilikuwa inashika. Jumanne ilishika zaidi, Mathias akaja nyumbani kwangu kunipigia niisikie, na kweli ilishika, akaondoka akiruka ruka kama amekata rufaa akashinda.

Jumatano asubuhi mdomo ulikuwa mzito. Hakumwambia mtu. Akafanya anachofanya mtu wa namna yake, akaongeza. Alipiga kutwa. Alhamisi mdomo wa juu ulikuwa umevimba, na ndani, pale unapogusana na meno, palikuwa na kidonda.

Recheli alikwenda kumwona Ijumaa Kuu baada ya ibada. Alimkuta anazunguka bani, tarumbeta mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, pumzika. Mdomo unavimba."

"Umetumwa na Magreth?"

"Nimekuja mwenyewe. Mdomo ni nyama, mjomba. Mimi nikizidisha hata kidogo kesho yake sipati kitu."

"Wewe ni wewe." Akapangusa mdomo kwa mkono, akautazama mkono. "Unaitaka nafasi hii?"

Recheli akalitazama tarumbeta mkononi mwa mjomba wake. "Ni bibi yangu pia," alisema. "Lakini alikuomba wewe."

"Basi niache nifanye alichoomba."

Jumamosi tukakutana mara ya mwisho. Magreth hakumwambia apige. Alimsogelea, akamshika kidevu kama anavyoshika jani la tumbaku, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Mathias. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza kwenye bani, jani linakuwaje?"

Mathias akajaribu kugeuza uso.

"Nakuuliza wewe, bingwa. Linakuwaje?"

"Linabaki kijani."

"Na ukiongeza kuni?"

"Linaungua na kijani chake."

"Kila mwaka unatuletea jani safi kuliko la mtu yeyote hapa Usoke. Unaamka kuligusa kama mtoto mwenye homa. Huu mdomo nao si jani?" Akamwachia. "Mimi siko ndani ya mdomo wako. Mama yako alikuomba mbele yetu, siwezi kukunyang'anya. Ukisema unaweza, kesho unasimama kwenye geti la makaburi. Unaweza?"

Niliona macho yake yanakwenda mlangoni, dirishani, kwenye viatu vyake, yanarudi mlangoni.

"Naweza," alisema.

Nilijua hawezi. Tulijua wote. Hakuna aliyesema.

Asubuhi ya Pasaka tulifika makaburini nyota zikiwa bado juu. Ndugu zake walikuwa wamekuja, wengine kutoka Tabora mjini, na mama mdogo Martha kutoka Sikonge, mdogo wa marehemu, mama mwenye miguu mibovu aliyesaidiwa kuketi kwenye kigoda kando ya kaburi la dada yake. Giza lilikuwa zito. Uliona watu kama vivuli, ukajua kuna mtu kwa kusikia kikohozi chake.

Sisi wa tarumbeta tulisimama getini. Mathias hakusimama. Alikwenda mpaka kwenye uzio, akarudi. Akaenda tena. Akaweka tarumbeta mdomoni, akapuliza polepole, pumzi tupu, kujaribu tu. Nilikuwa karibu naye nikasikia. Mdomo ulio mzima hutetema na kunung'unika ukipuliza, hata kwa siri. Wake haukunung'unika. Ulitoa hewa. Akajaribu tena. Hewa.

Mchungaji alikuwa ameshawasha tochi ndogo kusoma mstari wake. Tulibakiwa na muda wa kuvuta pumzi chache tu.

Mathias akamfuata Recheli.

"Unaujua ubeti?"

"Naujua."

"Wote? Na noti ya juu?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika."

Sijui kilichopita usoni mwake, giza lilimficha. Nilichoona ni kwamba alisogea, akampisha pale mbele penye mwanya wa geti, akaja kusimama mstari wa nyuma, kati yangu na uzio. Magreth aliona. Akainua mkono.

Recheli akapiga. Niseme ukweli, hakupiga kama Mathias angepiga mwaka mwingine. Sauti ya Mathias ina kitu ambacho hatuna jina lake. Ya Recheli ilikuwa nyoofu, safi, haina madoido. Ikapanda hatua kwa hatua, ikafika juu, ikakaa pale. Ikakaa. Pale makaburini mtu mmoja alianza kulia, kisha wengine, na noti bado imekaa, haitetemeki. Ndipo ikashuka, Magreth akatupa ishara, tukaitikia wote.

Mathias alipiga sauti ya tatu, ile ya chini, noti mbili tatu alizoweza. Pembeni yangu nilisikia mdomo wake ukivuja hewa. Hakuacha lakini. Alipiga wimbo wote, mpaka mchungaji aliposema Bwana amefufuka, nasi tukajibu amefufuka kweli kweli.

Kulipopambazuka watu wakaanza kupeana mikono. Ndugu wakamzunguka Mathias. Wengi walikuwa ndani kabisa, mbali na geti, na gizani walisikia tu. Mmoja akampiga bega, mwingine akamkumbatia. Walisema maneno ambayo mtu angependa kuyasikia.

Mama mdogo Martha alimwita kwa mkono. Mathias akachuchumaa mbele ya kigoda chake.

"Mwangaluka, mama mdogo," alimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mwanangu." Uso wake ulikuwa umelowa. Alishika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. "Umetimiza. Dada yangu kakusikia. Pale juu, ulipoishikilia ile, nikasema, amemsikia mwanawe."

Nilikuwa nyuma yake, nimebeba besi. Nikajua angeweza kunyamaza. Mama mdogo angepanda gari mchana arudi Sikonge na furaha yake, na sisi wa kundi tusingemsaliti kwa jambo kama hilo. Goti la Mathias lilikuwa linacheza hata amechuchumaa.

"Si mimi, mama mdogo," alisema.

"Unasemaje?"

"Si mimi niliyepiga. Mdomo wangu umeharibika. Nimeuharibu mwenyewe. Aliyepiga ni Recheli."

"Recheli yupi?"

"Wa dada. Yule pale mwenye kitambaa cheupe."

Mama mdogo akamtazama Recheli kule getini, anakunja kanga yake. Akamtazama tena Mathias. Hakumwachia mkono, lakini vidole vyake vililegea.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilipiga sauti ya chini, kule nyuma."

Alifikiri, kama mtu anayejaribu kukumbuka kwa nia njema.

"Sikukusikia," alisema. "Niitie huyo mtoto."

Mathias akainuka akaenda kumwita. Alipofika kwa Recheli akamwambia bibi mdogo anakutaka, kisha hakuondoka. Alisimama na tarumbeta lake chini ya kwapa.

"Ile noti yako ya asubuhi," alisema. "Moja ndefu. Haikuchoshi?"

"Inachosha sana, mjomba."

"Unafikiria nini ukiwa unaivuta?"

Recheli akafikiri. "Nafikiria iishe nifungue kibanda."

Mathias akatikisa kichwa. Recheli akaenda kwa bibi yake. Mathias akabaki getini, akabadilisha mguu mmoja, akabadilisha mwingine, watu wanapita pande zote mbili wakielekea kanisani kwenye chai. Nikamwuliza kama anakuja. Alisema tangulieni. Nilipogeuka barabarani alikuwa amekaa chini kando ya kaburi la mama yake, mgongo kwenye msalaba, na goti bado linacheza. Akalishika kwa mkono wake. Likatulia kidogo, likaanza tena, akalishika tena.