Taa za Babu Waitara

Mimi na babu Waitara hatuamkiani kwa shikamoo. Kwetu Wakurya mjukuu ni mtani wa babu yake. Anayewahi kutukana ndiye kasalimia. Kwa hiyo aliposimamisha pikapu yake mbele ya gereji hapa Tarime mjini, nilimwambia, "Wewe mzee, kaburi limekukataa tena?"

"Limesema linakusubiri wewe na hicho kichwa kama boga," akajibu. "Tengeneza taa. Hazioni."

Nikazunguka mbele. Bampa limekunjika, lina manyoya mekundu. Alfajiri ya jana yake, akimpeleka mgonjwa hospitali, alikuwa amemgonga mtamba wa Nashoni, jirani yake kule Itiryo. Mtamba mwenyewe alikuwa mkubwa kama kabati, amesimama katikati ya barabara. Mgonjwa alifika na jeraha la pili ambalo hakuondoka nalo nyumbani.

Kwa upande wetu ule gari ni hilo moja. Wagonjwa, wajawazito, maiti, wote babu ndiye amewabeba. Na wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya dada yangu Mokami, mimba yake imeshatimia.

"Taa hazioni au wewe ndiye huoni?" nikamuuliza.

"Mimi naona mpaka ujinga wako, na umeuficha ndani sana."

Tukacheka. Huo ndio ubaya wa utani: ukweli nilishausema, ukapita kama mzaha.

Nililoweka taa kwenye maji ya moto hadi gundi ikalainika, vioo vikatoka. Ndani, lile bakuli linalorudisha mwanga lilikuwa limekufa kabisa, jeusi kama sufuria ya kupikia msibani, na limejaa mikwaruzo.

"Nani alisugua humu?"

"Mimi. Kulikuwa na vumbi, nikapitisha jivu."

"Babu! Hiyo ngozi ya fedha ni nyembamba kuliko akili zako. Hata kidole tu kinaitoa."

Nilimgombeza, lakini moyoni nilifurahi. Ugonjwa ni huu hapa, nikajiambia. Ni taa.

Kazi ilichukua siku tatu. Nilipiga msasa laini, nikapaka rangi nyeusi ya kung'aa, nikaikausha ndani ya boksi vumbi lisiingie. Kisha nikachukua dawa mbili ambazo rafiki yangu Okech huniletea kutoka Isebania. Unazipuliza kwa pamoja, na pale peusi panageuka kioo mbele ya macho yako. Shuleni kemia nilipata D, na jaribio pekee ninalolikumbuka ni lile la kupaka fedha ndani ya chupa. Mwalimu wangu angeona, angesema nimeiba kazi ya mtu. Mwisho nikapuliza vanishi, nikachungulia. Nilijiona humo ndani, pua kama ya kiboko.

Jioni ya siku ya tatu babu akaja. Giza lilikuwa linaingia. Tukaielekeza pikapu kwenye ukuta wa ghala, mimi nikakaa kwenye usukani, yeye akasimama nje, mkono juu ya boneti. Nikawasha. Kubwa zote mbili.

Ukuta ukawa mweupe. Ningeweza kuhesabu matofali. Philomena, anayekaanga chapati pale pale chini ya ukuta, alijifunika khanga usoni. "Wee! Mimi nakaanga chapati, wewe unanikaanga mimi?"

Babu akainua kidevu. "Mbona umewasha ndogo? Weka kubwa tuone."

Philomena alicheka mpaka akaangusha kijiko. Thadeo, bosi wangu, naye akacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu maneno ya babu lazima yawe na mwiba, nikangoja anichome. Hakunichoma. Aliendelea kutazama ukutani, ananisubiri.

"Na huyo mama anayepiga kelele amekaa wapi?" akauliza.

Philomena alikuwa katikati ya mwanga kama picha ya harusi.

"Babu, hizo ni kubwa."

"Acha utani wako."

"Sitanii."

"Wewe ulizaliwa unatania. Hata mkunga ulimcheka."

Nilitafuta namna ya kumwambia. Kila neno nililokuwa nalo tulishalichezea, lolote lingepita kama mzaha. Nikashuka, nikaenda mbele yake, nikainamisha kichwa kama mtu anayekutana na mzee wa watu.

"Shikamoo, babu."

Philomena akaokota kijiko chake. Mkono wa babu ulishuka polepole kutoka kwenye boneti, ukaitafuta taa, ukaipata, ukakaa juu ya kioo kwa muda mrefu. Kilikuwa cha moto. Aliusikia ule moto.

"Marahaba," akasema.

Baadaye akauliza, "Mokami atapelekwa na nani?"

"Na mimi."

"Unaendesha kama beberu." Lakini alilisema taratibu, bila mwiba. Akaizunguka pikapu akiipapasa, akafungua mlango wa abiria, mlango ambao miaka yote alikuwa akiwafungulia wengine. Akaingia.

Njia nzima ya Itiryo kila jiwe lilionekana, kila jani la mahindi. Kazi safi. Sijawahi kutengeneza taa nzuri kama zile.

"Tukikaribia kwa Nashoni uniambie," babu akasema.

Tulikuwa tumeshapita zamani.