Gari la Mama Limi

Nyamizi alikuwa bafuni gari lake lilipotolewa uani. Alisikia injini ikiwaka na akaijua, maana ukiendesha Corolla moja kwa miaka kumi na miwili unaijua sauti yake hata ukiwa na sabuni masikioni. Akadhani ni Mwigulu, mumewe, anaipasha moto kwa safari ya kanisani. Alipotoka na mkongojo wake, akiuvuta mguu wa kushoto uliopooza tangu kiharusi, mahali pa Corolla palikuwa na doa la oili na kuku wawili. Pembeni lilisimama gari kubwa jeusi, matairi yanamfika kiunoni, limefungwa utepe mwekundu.

"Zawadi ya mkweo," alisema Mwigulu, meno yote nje.

Mkwe mwenyewe, Donatus, mume wa binti yao Limi, alikuwa broka wa dhahabu huko Geita, na pesa zilikuwa zimemkubali. Alisimama mbali, langoni, macho chini, kama mkwe anavyopaswa kusimama mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, mayu, mama yangu. Ile ilikuwa imechoka. Watu wananisema, eti wakwe zangu wanatembelea mkweche. Dereva wangu ameipeleka Kahama, kuna fundi anachinja magari ya zamani auze spea."

"Nani alimpa funguo?"

Mwigulu akaanza kuuchunguza utepe.

Hasira zikampanda Nyamizi mpaka utosini. Gari lile alilinunua yeye, kwa mafao yake ya ukunga, na kadi ilikuwa na jina lake. Lilikunywa mafuta kidogo, spea zake ziliuzwa hata kwenye vibanda vya Isaka, na hakuna fundi aliyewahi kulifungua akakosa pa kushika. Hayo yote wayaite mapenzi ya kizee, sawa. Lakini kiti chake kilikuwa chini. Kila safari aligeuka, akakaa makalio kwanza, akaunyanyua mguu mbovu kwa mkono mzima, akauingiza, akafunga mlango. Siku hizi alisaidiwa kuvaa, alisaidiwa kupika, alisaidiwa hata kufunga kilemba. Kuingia kwenye Corolla ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo hakuna mtu aliyemshika. Mwigulu aliliona hilo kila Jumapili, na bado akatoa funguo.

"Hebu panda kwanza," Mwigulu alisema. "Utalipenda. Lina kiyoyozi."

"Sawa. Nipandisheni."

Kiti kilikuwa usawa wa kifua chake. Mwigulu, mzee wa miaka sabini na sita, alimshika kwapani, akasukuma, mgongo ukamkatalia. Mguu mbovu ukaning'inia. Kitenge kikapanda mpaka magotini. Kule langoni Donatus, mwanamume mwenye nguvu za kubeba magunia ya mawe, alipiga hatua mbili kuja kusaidia, akakumbuka, akasimama. Mkwe hamgusi mama mkwe. Akageuzia uso ukutani.

"Njoo," Nyamizi alimwambia, bado ananing'inia. "Si umeninunulia? Njoo unibebe kila Jumapili mbele ya waumini."

"Nisamehe, mayu. Sikufikiria."

"Na wewe nishushe," akamwambia mumewe.

Akavuta kigoda kwa mkongojo, akakaa palepale kwenye doa la oili. "Hapa siondoki mpaka gari langu lirudi. Likirudi pungufu hata taa moja, naenda polisi kuripoti wizi, na majina mawili nitayataja. Kadi ninayo."

"Mama Limi, punguza sauti. Majirani."

"Wasikie. Miaka arobaini na minane nakuita mume wangu, leo unagawa kitu changu nikiwa na sabuni mwilini."

Donatus alimpigia dereva, simu haikupatikana. Basi akapanda lile gari jeusi, utepe ukipepea, akaifuata Corolla huko huko Kahama. Misa ikapita. Mwigulu alileta chai, ikapoa. Alileta mwavuli, akaambiwa ajifunike yeye.

Saa tisa Corolla iliingia uani, Donatus kwenye usukani, shati limemganda mgongoni, lile jeusi amemwachia dereva Kahama. Nyamizi alilizunguka gari taratibu akikagua. Fundi alikuwa ameshang'oa kioo cha pembeni. Donatus alikuwa nacho, na skrubu zake mfukoni. Akaweka funguo juu ya boneti, akarudi nyuma, ili mayu azichukue mwenyewe. Kisha akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake ya bei mbaya, akaanza kukirudishia kile kioo.

Nyamizi alichukua funguo, akakaa makalio kwanza kwenye kiti cha abiria. Akaunyanyua mguu. Akafunga mlango.

Mwigulu akazunguka upande wa dereva, akavuta kitasa. Mlango ulikuwa umebanwa kufuli kwa ndani, kioo cha dirisha kimeachwa wazi vidole viwili.

"Fungua, Mama Limi, nikutembeze kidogo."

"Sema kwanza gari ni la nani."

Mwigulu alimtupia jicho mkwewe. Ni aibu mzee kubanwa namna hiyo mbele ya mkwe, na Nyamizi aliijua vizuri aibu hiyo, maana asubuhi alikuwa ameibeba peke yake.

"Ni lako," Mwigulu alisema chinichini.

"Mkweo hajasikia."

"Gari ni la Mama Limi."

Bisibisi ya Donatus ilisimama kidogo, ikaendelea. Nyamizi akanyoosha mkono mzima, akainua kufuli.

"Ingia," akasema. "Na ufute miguu."