Vyuma vya Nadhiri

Landrova ya Mwidani haikuwa na uzuri wowote wa kusifiwa. Ilikuwa ile ndefu ya kizamani, bodi la bati la rangi ya majani makavu, mlango wa dereva umebonyea kwa teke la punda. Aliinunua mnadani, na watu wa Jomvu Kuu walimcheka wiki nzima. Kisha masika yakaingia, njia ya kushuka makaburini kando ya mikoko ikawa uji, na gari za waliocheka zikasimama juu barabarani zikitazama. Landrova ilitia gia ndogo, ikakohoa mara mbili, ikashuka. Tangu hapo kicheko kikahamia kwingine.

Mwaka wa themanini na tatu binti yake wa pekee, Mwanatatu, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na miaka minne, shingo imekauka kama mpini, hamjui mama wala baba. Daktari alimwambia Mwidani kwamba kilichobaki ni dua. Mwidani akatoka uwanjani mwa hospitali, akaingia ndani ya Landrova, akaweka mikono juu ya usukani na kutamka kwa sauti: mwanangu akipona, gari hili litachukua maiti wa kwetu bila ujira, maadamu li hai. Asubuhi mtoto akaomba uji.

Nadhiri si ahadi ya kumpa mtu peremende. Ukishaitamka imekufunga, na aliyekufunga ni wewe mwenyewe. Mwidani alilijua hilo na akalitimiza, tena kwa moyo mkunjufu. Maiti akiwa hospitali kisiwani, akiwa Mikindani, akiwa Miritini, mtu alikuja kubisha hodi, na Mwidani aliacha hata sahani ya wali. Hakuchagua. Mamake Gona fundi alipofariki, wala hakuwa Mwislamu, Mwidani alimpeleka mpaka kwao, juu kwenye vilima vya Ribe, mvua inapiga na gari linateleza ubavu. Gona alipotaka kutoa chochote, Mwidani alimwambia maiti hana kabila, arudishe mkono mfukoni. Kila safari ilipokwisha mkewe, Zubeda, aliosha sakafu ya gari kwa maji ya marashi. Na Mwanatatu alikua akijua, kama mtoto anavyojua jina lake, kwamba yeye yu hai kwa sababu gari lile latembea.

Sasa, mwenye gari kuukuu ana ugonjwa wake, na ugonjwa huo hauna dawa. Jumamosi wenye Landrova walikutana kwenye uwanja wa Gona pale Mikindani, boneti zimeinuliwa, kila mmoja akisifia chake. Huyu katia tairi pana, yule katia winchi mbele. Mwidani alirudi nyumbani akilitazama lake kama mtu anayemtazama mkewe baada ya kutoka harusini. Akaanza na injini. Ile ya petroli ilikuwa mlevi, akaitoa, akatia dizeli ya Kijapani. Injini mpya ikawa na nguvu kuliko giaboksi, ikabidi giaboksi ibadilishwe. Giaboksi mpya ikazishinda difu zinazozungusha magurudumu. Baada ya difu zikafuata springi, baada ya springi bodi, tena bodi la mlango wa nyuma mpana, na viti vya ngozi vinavyolia ukikaa. Vyuma vya zamani alimwachia Gona avifanyie apendavyo.

Lilipopendeza, likapata wachumba. Hoteli moja ya pwani ya kusini ilitaka gari la kupeleka wageni mbugani, na ilitaka lisiwe na kazi nyingine. Mwidani alisitasita, maana lilikuwa limebaki jambo moja: chesisi, uti wa mgongo wa gari. Ilikuwa ile ile ya mnadani, nayo imeliwa na kutu ya bahari mpaka unaweza kuitoboa kwa kidole. Gona akapata nyingine. Siku walipoinua bodi na kuitoa ile ya zamani, Mwidani alisimama akiitazama imelala mchangani, na hapo shetani akamkalia begani, akamnong'oneza kwa lugha ya kisomi. Nadhiri ilikuwa ya gari lile, maadamu li hai. Lile gari liko wapi? Injini si yake, bodi si lake, leo hata mgongo si wake. Limekufa. Hili ni jingine, na juu ya hili hukutamka neno.

Aliyapenda maneno yale. Jomvu Kuu haina uhaba wa masheikh, na Mwidani hakumwuliza hata mmoja, kwa sababu mtu haulizi swali ambalo jawabu lake halitaki. Alilikodisha gari kwa hoteli, akamweleza Zubeda tu, wakati wa chakula. Zubeda aliacha kula. Mwanatatu, aliyekuwa sasa msichana wa miaka kumi na minane, alikuwa akimimina chai. Aliimimina mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Aliyefariki kwanza baada ya hapo alikuwa Bi Mwanasaumu, jirani, aliyemfundisha Mwanatatu juzuu zake. Walipokuja kubisha hodi Mwidani aliwaambia kwa upole kwamba gari lina kazi ya watu, na tena lile la nadhiri limeshakufa. Wakasema inshallah kheri, wakaenda kukodi pikapu. Pikapu ikazama njiani. Bibi wa watu alibebwa mabegani katika mvua, jeneza linainama huku na huku, akazikwa magharibi imeshapita. Hakuna aliyekuja kumlaumu Mwidani. Waliacha tu kuja. Salamu aliitikiwa, kahawa alimiminiwa, lakini mlango wake haukubishwa tena, na kimya kile kilimkera kuliko matusi.

Kisha mambo yakaanza. Dereva wa hoteli alilalamika kwamba ndani ya gari mna harufu ya dawa. Mwidani alikwenda hotelini kunusa, akaitambua mara moja. Ilikuwa karafuu maiti, ile inayotiwa katika sanda. Viti vilikuwa vipya, sakafu mpya, mazulia mapya, wala gari hili halikupata kubeba maiti hata mmoja. Akatoa mazulia akayaanika. Harufu ikakaa. Halafu springi za nyuma zikaanza kulala. Gari likisimama tupu uwanjani, kufika alasiri lilikuwa limeketi kwa nyuma, kama lililopakia watu. Gona alipima, akalala chini, akagonga, akasema springi ni nzima. Alisema akiwa ametazama pembeni.

Mbaya zaidi ilikuwa sauti. Mwanzoni Mwidani alidhani ni masikio. Alikuwa amekaa barazani baada ya sala ya alasiri, mwaka ule wa mvua zisizokatika, wa tisini na saba, akaisikia injini ikitoka upande wa barabara kuu. Ilikohoa mara mbili, ikapumua, ikaendelea. Kila mwenye gari kuukuu huijua sauti ya gari lake kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe, na ile ilikuwa injini ya petroli aliyoitoa kwa mikono yake. Iliteremka nyuma ya nyumba, kwenye njia ya makaburini, ikapotelea kwenye mikoko. Akawauliza waliokaa naye kama wamesikia. Mmoja akasema mvua ni nyingi mwaka huu. Mwingine akainama kutafuta kiatu chake.

Aliisikia tena, na tena. Kila ikipita, kesho yake alisikia kwamba fulani amezikwa. Hakuwa na ujasiri wa kwenda njiani kutazama. Aliogopa asije akamkuta nani kwenye usukani. Akaenda kwa Gona kuuliza vile vyuma vimefikia wapi, akakuta uwanja umefungwa kwa sababu ya mafuriko. Akarudi nyumbani na hofu yake ikiwa nzima. Alikuwa na hesabu moja tu kichwani, na ilikuwa nyepesi: roho ya mtoto ilikombolewa kwa gari. Gari nimeliua. Basi?

Akaanza kumtazama Mwanatatu. Alimwona amekonda. Aliona anazunguka chumbani wakati wa kulala, na anatoka nyumbani jioni kwenda kusikojulikana, akirudi buibui limelowa ncha. Akimwuliza, msichana aliitikia abee, akasema alikuwa kwa shoga yake. Halafu homa ikamshika. Zubeda alisema ni malaria, mvua hizi zimezaa mbu, akampa vidonge. Mwidani hakusikia neno malaria. Aliingia chumbani, akaigusa shingo ya binti yake kuona kama inakunjika.

Siku ya pili ya homa, alasiri, mvua inanyesha, ile sauti ikaja. Safari hii haikupita nyuma ya nyumba. Ilikata kona ya msikiti, ikaingia kichochoroni kwao, ikakohoa mara mbili na kusimama mlangoni.

Mwidani alitoka bila viatu. Mbele yake, katika mvua, ilisimama Landrova yake. Si mfano wake, yenyewe. Bodi la rangi ya majani makavu, mlango wenye teke la punda, namba tu ndiyo iliyokuwa ngeni. Kioo kilikuwa na ukungu na ndani hapakuonekana mtu. Akaweka mikono miwili juu ya boneti, ikamchoma kwa joto, hakuitoa.

"Kama mwaja kutwaa, nitwaeni mimi," alisema. "Aliyevunja ni mimi. Mtoto hajui kitu, mwacheni."

Mlango ukafunguliwa, akashuka Gona, kofia ya mkeka kichwani. Alimwona mzee wa watu akilia, akafadhaika, akaivua ile kofia mvuani. Akamwambia ni yeye tu, asiogope, hakuja kuchukua mtu hapa. Kuna maiti Mikindani, na hakuweza kumpakia kabla hajamwambia Mwanatatu jina lake.

Mwidani hakuelewa. Gona ikambidi amweleze pale pale, maji yakimtiririka usoni. Siku ile pikapu ilipozama na Bi Mwanasaumu, Mwanatatu alikwenda uwanjani kwake peke yake, akauliza vyuma vya zamani viko wapi. Vilikuwepo vyote. Gona hatupi chuma. Akamwomba avirudishe kama vilivyokuwa, kila kimoja mahali pake, asichanganye hata bolti na ya gari jingine. Chesisi ililiwa na kutu, akaishona kwa bati na moto mpaka ikasimama. Ujira hakutaka, kwa ajili ya mamake na vile vilima vya Ribe. Sharti la Mwanatatu lilikuwa moja: gari lisitoke na maiti kabla yeye hajajua jina, ili amsomee Yasini. Kila jioni alikuwa akimngoja barabarani. Leo hakuja.

Zubeda alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, na kwa uso wake Mwidani alijua kwamba alijua. Mtaa mzima ulijua. Walikuwa wamemsitiri yeye kwa aibu yake, na kumwachia binti yake kazi.

Mwanatatu akatoka, amejitanda kanga, amejishika ukutani. Alimwuliza Gona jina, akalirudia taratibu, jina la mzee mmoja aliyekuwa akiuza makaa. Akamwambia aende, maiti asicheleweshwe. Gari likarudi nyuma, likakohoa, likaondoka.

Mwidani alitaka kumshika mkono. Akasema atalitoa gari jipya hotelini kesho. Yeye mwenyewe ataendesha, atachukua maiti kama zamani, nadhiri imrudie mwenyewe.

"Na ukitia injini nyingine, Baba?" alisema Mwanatatu. "Utasema hilo nalo limekufa?"

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali. Mwidani akatazama chini, maji mekundu ya kichochoro yakipita juu ya vidole vyake.

"Mimi nilikuwa nakuona ukileta vile vyuma," msichana akaendelea. "Ulipotoa injini, nikajiambia ni injini tu. Ulipotoa bodi sikulala. Kila ulichokitoa nilikuwa najipapasa usiku, nikiwaza, sasa mimi nimebakiwa na nini? Ulikuwa wafurahi, Baba. Waniita nije niangalie viti."

Mwidani akakumbuka kwamba kweli alimwita, na kwamba alikuja, akakaa juu ya kiti kipya cha ngozi akitabasamu, mikono imefumbatwa mapajani. Alikuwa amefikiri mtoto ana haya. Kumbe alikuwa amekalia kaburi lake, na babake anamwuliza kama kiti kinapendeza.

Akamwomba radhi. Mzee wa Jomvu Kuu kumwomba radhi bintiye mlangoni, jirani wakiwa madirishani, si jambo linaloonekana kila siku. Mwanatatu alimwambia hana haja ya kuomba, amekwisha kumsamehe tangu siku ya Bi Mwanasaumu.

"Nimekusamehe, Baba. Ila silali."

Kisha akarudi ndani, akaketi kitandani na kuanza kumsomea yule mzee wa makaa. Mwidani alikaa kizingitini, mgongo ukutani, akisikiliza. Homa ilikuwa imeikausha sauti ya binti yake, na mara kwa mara alinyamaza katikati ya aya kuvuta pumzi. Kila aliponyamaza, Mwidani naye hakupumua mpaka amsikie tena.