Kiti cha Miguu Mitatu na Nusu

Watu wananitia kinyaa, na naanzia kwangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Mwaka ule nilikuwa nahariri filamu ya vichekesho, na mchekeshaji wake alikuwa baba yangu mdogo, mzee wa miaka sitini na nane. Huyo ndiye aliyenilea kwa kuanguka. Ndiyo, kuanguka mbele ya kamera. Madaftari yangu na viatu vya shule vyote vilitoka mgongoni mwake.

Tukio lenyewe lilikuwa jepesi. Mtu anakwenda kuomba kazi, anapewa kiti kibovu. Watazamaji wameshauona mguu uliokatwa nusu, yeye hajauona. Anataka kukaa, anakumbuka kukifuta vumbi. Anataka kukaa tena, anainuka kumsalimia karani. Baba mdogo alinifundisha tangu utotoni kwamba kicheko hakimo kwenye kuanguka, kimo kwenye kusubiri. Ndiyo maana kila mara kabla ya kurekodi alikikagua kiti kwa kiganja chake, ajue kitamwacha lini.

Alianguka mara tano, safi kabisa. Mwongozaji, bwana anayevaa miwani ya jua hata chumbani, akasema anataka mshtuko wa kweli. Mzee alipotoka kunywa maji, seremala akaambiwa aukate mguu zaidi. Aliporudi akaambiwa kiti ni kilekile, afanye haraka, mwanga unapotea. Akawaamini, maskini ya Mungu. Alipokiegemea tu akifute, kikaenda naye. Nyonga ikavunjika.

Siku mbili baadaye mwongozaji alikaa nyuma yangu kwenye chumba cha uhariri, anatafuna karanga, maganda yananidondokea begani. Kila mara ananiambia nirudishe pale mzee anapokunja uso. Anacheka mpaka mate yanaruka. Akasema hilo ndilo tukio ambalo watu hawatalisahau. Lakini mkataba ulitaka mzee mwenyewe aridhie kila anguko lake, nikabeba kompyuta mpaka wodini nikiwa na uhakika atakataa.

Nikamwonyesha anguko la tano, kisha la sita. Alitazama bila kupepesa.

"Hili la sita si kazi," akasema. "Hapa naanguka tu."

Nikaanza kufunga kompyuta. Akanishika mkono.

"Wewe ulipoliona mara ya kwanza, ulicheka?"

Ningeweza kudanganya. Lakini yeye ndiye aliyenikataza kudanganya kuhusu kicheko, hata cha kumfurahisha yeye.

"Nilicheka, baba mdogo. Nilikuwa sijajua bado kwamba umeumia."

Na lile la tano, je? Nikamwambia la tano nililipenda sana. Akatikisa kichwa taratibu, kwa sababu hakuwa ameniuliza kama nililipenda. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukitazama kiti chochote.

"Basi waachie," akasema. "Ila jina langu waliondoe."

Waliliondoa. Filamu imefanya vizuri, na watu wakijua ni mimi niliyeihariri wananisimamisha barabarani, wanakunja uso kama alivyoukunja yeye, wanajishika mbavu. Kisha wananiuliza yule mzee wa kiti ni nani, maana hawajaona jina lake popote.

Nawajibu kwamba simfahamu.